Hukumu ya Jirani

Juri, kwa maana iliyozoeleka katika mfumo wa sheria ulioenezwa na Waingereza, ni kundi la raia wa kawaida, mara nyingi 12, wasio na elimu ya sheria, ambao huitwa na mahakama kwa ajili ya shauri moja tu ili wasikilize ushahidi na kuamua kama jambo linalodaiwa lilitendeka au halikutendeka, huku jaji akibaki na kazi ya kuongoza shauri, kueleza sheria na, mshtakiwa anapopatikana na hatia, kutoa adhabu. Kwa maana hiyo hasa, mkazi wa Nyakuron, mtaa wa Juba uliogawanyika Mashariki na Magharibi na unaojulikana zaidi kwa Kituo chake cha Utamaduni kilichojengwa katika miaka ya 1970, hana nafasi ya kuwa mwanajuri nchini mwake, kwa kuwa sheria ya Sudan Kusini haina chombo hicho. Hata hivyo, kile hasa ambacho juri humtaka mtu akifanye, yaani kuacha shughuli zake, kuketi mbele ya binadamu mwenzake na kusema nani ana haki na nani hana, hufanyika Juba siku nyingi za wiki, katika mahakama za machifu ambamo wazee wasio na shahada yoyote husikiliza mashauri ya ndoa, madeni, watoto na matusi. Sura hii inahusu watu hao na wenzao wa Afrika Mashariki, na inajengwa juu ya swali ambalo kila anayeketi katika kiti hicho hulazimika kulijibu kwa namna yake: je, anayehukumu anapaswa kumjua anayehukumiwa, au ni heri asimjue kabisa?

Ugomvi ulikuwa ukisikilizwa mbele ya watu katika Sudan Kusini ya leo kabla ya serikali yoyote ya kikoloni, ingawa kwa taratibu zilizotofautiana sana. Miongoni mwa Walotuko, Walokoya na Wapari, mashariki ya Juba, mambo ya kijiji yaliamuliwa na monyomiji, yaani rika la wanaume walio madarakani kwa zamu yao, wakikutana uwanjani na kusemezana hadi neno moja lishinde, nao walijua kwamba siku moja rika jipya lingewapokonya kazi hiyo. Miongoni mwa Wanuer hapakuwa na hakimu wa aina yoyote. Mtu wa ngozi ya chui, ambaye E. E. Evans-Pritchard alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1940, alikuwa mpatanishi aliyempa hifadhi muuaji na kuzibembeleza pande mbili zikubaliane juu ya ng'ombe wa dia, bila uwezo wa kumlazimisha mtu. Utawala wa pamoja wa Waingereza na Wamisri haukujenga juu ya misingi hiyo ulipotunga kanuni za adhabu na za mwenendo wa jinai mwaka 1899. Ulichukua mfano wa India, ukaziweka kesi kubwa mikononi mwa jopo la mahakimu watatu, ambao katika wilaya za kusini mara nyingi walikuwa maofisa wa utawala wenyewe, na hivyo raia wa kawaida hakupewa kiti katika mahakama hizo tangu siku ya kwanza.

Kwa mashauri ya wananchi wao kwa wao, watawala hao walitaka chombo cha gharama ndogo, na Sheria ya Mahakama za Machifu ya mwaka 1931 ikakipa chombo hicho umbo rasmi, chifu aliyetambuliwa na serikali akiketi pamoja na wajumbe na kuamua kwa mila chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Mpango huo umeishi kuliko waliouanzisha. Ulivuka uhuru wa Sudan wa mwaka 1956, ukavuka vita viwili virefu, ukaendelea katika maeneo yaliyoshikwa na waasi, na hatimaye ukaingizwa katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009, ambayo inazitambua mahakama za mila za ngazi tatu, A, B na C, pamoja na mahakama za mji. Katika ngazi ya chini, yaani mahakama A, chifu mtendaji huketi na machifu wadogo kama wajumbe. Mahakama B huongozwa na chifu mkuu wa eneo akiwa na machifu watendaji. Na mahakama C, iliyo juu yao, ndiyo ambayo rufaa yake huenda kwa hakimu wa serikali. Sheria hiyo inazipa mahakama za mila madaraka juu ya migogoro ya mila, na inazizuia kushika kesi za jinai isipokuwa zile zenye upande wa mila ambazo mahakama ya serikali imezipeleka kwao. Mpaka huo ni mwepesi kuuandika na mgumu kuulinda, kwa sababu binti akipata mimba, au mtu akipigwa kwa ajili ya deni, jinai na mila huingia barazani kwa mlango mmoja.

Kikao cha kawaida cha mahakama ya namna hiyo hakihitaji jengo. Viti vya plastiki hupangwa chini ya mwembe au mwarobaini, au chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Chifu, ambaye watu wa Juba humwita sultani, huketi katikati, wajumbe huwa pande zake mbili, na karani hukaa kwenye meza ndogo akiwa na daftari kubwa ambamo huandika majina ya wahusika, ada iliyolipwa na, kwa sentensi chache, uamuzi. Mdai husimama na kusema yake, kwa kawaida bila wakili; mdaiwa humjibu; jamaa za pande zote, waliokuja kwa wingi kwa kuwa mashauri ya ndoa ni ya koo mbili kabla hayajawa ya watu wawili, hudakia mpaka wanyamazishwe. Lugha ni Kiarabu cha Juba, lugha ya mjini isiyo ya kabila lolote, ila mama mzee aliyekuja mjini juzi akishindwa kuitumia, mjumbe anayeifahamu lugha yake humfasiria, na kwa muda huo mtu mmoja huwa hakimu na mkalimani kwa pamoja.

Kazi ya mjumbe huonekana vizuri katika shauri ambalo mahakama za Juba hukutana nalo mara kwa mara, la kijana aliyempa mimba binti wa jirani na ambaye familia yake inasema ilikwisha kuanza posa, ilhali familia ya binti inasema haikuona kitu. Mjumbe hamuulizi kijana kama anampenda binti, wala haanzi na tarehe. Humuuliza ni nani alikwenda nyumbani kwa wakwe kama msemaji. Alikwenda akiwa ameandamana na nani. Walipewa viti au walisimamishwa uani. Kilitolewa nini siku hiyo, fedha au mbuzi, na kilipokelewa kwa mkono wa nani. Na kama mjomba wa binti alikuwepo, kwa nini hajaletwa leo. Kila swali linatokana na ujuzi ambao chuo cha sheria hakiufundishi, kwa kuwa anayeuliza amekwenda kwenye posa nyingi kama hizo, amekuwa msemaji wa wapwa zake, na anajua kwamba mtu anaweza kudanganya juu ya kiasi cha fedha lakini ni vigumu adanganye kwa ukamilifu juu ya nani alikaa wapi. Huo ni utaalamu wa ushahidi katika maana kamili ya neno hilo, na wanasheria wanaouita ubahatishaji hawautendei haki.

Ugumu huanza pale ambapo wajumbe wenyewe hawakulelewa katika mila moja. Juba ilifurika watu baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, wengine wakitoka vijijini na wengine wakirejea kutoka Khartoum, Uganda na Kenya, na mitaa kama Nyakuron ikapokea Wabari, Wakuku, Wadinka, Wamundari, Wazande na wengineo katika nyua zinazopakana. Mahari ya Wadinka huhesabiwa kwa ng'ombe, na aghalabu wengi. Mahari ya Wabari ni ndogo zaidi na huchanganya mifugo na fedha. Baba wa Kidinka anapodai ng'ombe kutoka kwa familia ya Kibari isiyo na zizi, baraza hulazimika kuamua kwanza mila ya nani itumike, kisha ng'ombe mmoja wa mjini, ambaye hakuna aliyemwona, athaminiwe kwa pauni ngapi katika nchi ambayo sarafu yake imeporomoka vibaya tangu mwaka 2015. Mjumbe wa kabila la mdai hujikuta akiwaeleza wenzake mila ya kwao, na kwa kuieleza huwa ameanza kuitetea. Akikaa kimya huonekana kuwasaliti watu wake, akisema sana huonekana wakili wao. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayomwambia asimame wapi, na busara aliyonayo ndiyo yote aliyonayo.

Maneno yanapokwisha, wajumbe huinamiana na kunong'onezana au husogea kando, chifu huwasikiliza mmoja mmoja, kisha hutangaza uamuzi mbele ya wote. Hapo ndipo uzoefu wa mjumbe unapoachana kabisa na ule wa mwanajuri. Mwanajuri hurudi nyumbani bila jina lake kubandikwa kwenye uamuzi, na katika nchi kama Uingereza ni kosa la jinai kwake kufichua yaliyosemwa faraghani. Mjumbe wa Nyakuron hana faragha hiyo. Aliyeshindwa alimwona akiuliza, alimwona akitikisa kichwa, anajua nyumba yake na watoto wake, na watakutana kwenye foleni ya maji, kanisani na msibani. Kuketi katika kiti hicho ni kukubali kuishi na watu uliowahukumu, na mzigo huo, unaobebwa kwa posho ndogo inayotokana na ada za mashauri au bila posho yoyote, haujapewa uzito unaostahili katika maandishi mengi kuhusu sheria za mila, ambayo hujishughulisha mno na mila zenyewe na kuwasahau wanaozitumia.

Msomaji anaweza kudhani kwamba juri ya Kiingereza ilizaliwa kama kinyume cha hali hiyo, jambo ambalo historia yake haikubaliani nalo. Amri iliyotolewa na mfalme Henry wa Pili huko Clarendon mwaka 1166 iliwataka watu 12 waaminifu wa kila eneo waape na kuwataja wale ambao jirani zao waliwashuku kwa ujambazi, wizi au uuaji. Waliitwa kwa sababu walijua, na jirani asiyejua chochote hakuwa na faida yoyote kwa mahakama. Mwaka 1215 Baraza la Lateran lilipowakataza mapadri kushiriki katika majaribio ya moto na maji, ambayo yalitumika kumtafuta mwenye hatia, mahakama za Uingereza ziliegemea zaidi viapo vya majirani hao. Ilichukua karne kadhaa kabla ya mwanajuri kugeuka kutoka mtu anayeleta habari na kuwa mtu anayesikiliza habari za wengine, na hatua moja kubwa ya safari hiyo ilikuwa London mwaka 1670, pale wanajuri waliokataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead, wahubiri wa dhehebu la Quaker, walipofungiwa usiku kucha bila chakula wala maji na kisha kutozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Kinga hiyo ndiyo iliyoifanya juri kuwa na meno, na ndiyo ambayo mjumbe wa baraza la chifu hadi leo hana mtu wa kumhakikishia.

Wako watu wa Juba ambao wamezionja njia zote mbili katika maisha ya mtu mmoja. Marekani ilipowapokea vijana wapatao 3,800 wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, katika miaka ya mwanzo ya 2000, na wengine wengi wakafuata na kufanya maskani katika miji kama Omaha, wengi wao walipata uraia, na pamoja na uraia huja wito wa mahakama unaoletwa kwa posta. Majina huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha za wapiga kura na za wenye leseni za udereva. Aliyeitwa hufika mahakamani, hungoja kwa saa nyingi ukumbini, kisha huulizwa maswali na mawakili wa pande zote: je, anamfahamu mshtakiwa, shahidi au askari yeyote wa shauri hili, aliwahi kuibiwa, ana ndugu polisi? Jibu la ndiyo laweza kumrudisha nyumbani. Kwa mtu aliyekua akiwaona wazee wakichaguliwa barazani kwa sababu wanaujua kila ukoo hadi babu wa nne, kuondolewa kwa sababu ya kujua ni jambo geni kabisa, na fundisho lake ni zito, kwamba katika mji wa watu wasiojuana uadilifu hutafutwa kwa kutojuana, na katika mtaa wa watu wanaojuana hutafutwa kwa kuwa na wajumbe wengi wanaojuana na kila upande ili hila ya mmoja izuiwe na macho ya mwenzake.

Njia zote mbili zinaweza kuoza, na Afrika Mashariki imeushuhudia uozo wa kila moja. Katika Kenya ya kikoloni Mzungu alihukumiwa na juri ya Wazungu, ambayo uamuzi wake ulimfunga jaji, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, yaani raia wawili au zaidi ambao walitoa maoni tu. Mwaka 1923 juri ya walowezi huko Nakuru ilimpata Jasper Abraham, mkulima wa Molo aliyemchapa mtumishi wake wa Kiafrika hadi akafa, na kosa dogo la kujeruhi badala ya uuaji, naye akafungwa miaka miwili. Walioketi pale walikuwa majirani zake kwa kila maana. Ilipita miaka 37 kabla Peter Poole, aliyetiwa hatiani na juri ya Wazungu watupu, kuwa Mzungu wa kwanza kunyongwa nchini humo kwa kumuua Mwafrika, mwezi Agosti 1960. Katikati ya kesi hizo mbili iko ile ya Dedan Kimathi, iliyosikilizwa Nyeri mwezi Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu, Waafrika, ambao wote walisema ana hatia ya kumiliki bastola. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Maoni yao hayakumfunga jaji, nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na ni vigumu kuona ni uhuru gani waliokuwa nao wa kusema vinginevyo. Kumketisha raia mahakamani bila kumpa nguvu ya kisheria wala ulinzi ni kumtumia kama muhuri, na aibu ya kutumiwa hivyo ni ya dola kabla haijawa yake.

Nchi huru zilirithi wazee wa baraza pamoja na udhaifu huo. Kenya iliwafuta mwaka 2007. Tanzania iliwabakiza kwa namna mbili zilizotofautiana sana. Katika mahakama ya mwanzo, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, wazee wa baraza walipiga kura sawa na hakimu, na wakitofautiana, wengi ndio walioshinda, hivi kwamba fundi cherehani na mkulima mstaafu waliweza kumshinda hakimu wao kwa haki kabisa. Katika Mahakama Kuu maoni yao hayakumfunga jaji, lakini ukosefu mdogo katika kuwashirikisha uliweza kuivunja kesi nzima: Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu nyingi za mauaji kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee mambo muhimu ya sheria katika majumuisho yake, au kwa sababu aliwaachia wamhoji shahidi kwa kumbana kama mawakili badala ya kumuuliza swali la kupata ufafanuzi. Mtu aliyekwisha kukaa rumande kwa miaka alirudishwa kuanza upya, familia ya marehemu ikaitwa tena kusimulia kifo, na mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili kuwatumia wazee katika Mahakama Kuu kusiwe lazima tena. Kutoka kwenye kuwataka bila kuwasikiliza hadi kwenye kutowataka ni hatua fupi, na yaelekea wabunge hawakujiuliza vya kutosha kama dawa ingekuwa kuupa mdomo wa mwananchi uzito zaidi.

Rwanda ilikwenda kinyume cha wote kwa kuwapa raia mzigo ambao hakuna juri duniani iliyowahi kuubeba. Mahakama za gacaca, zilizoanza mwaka 2002 na kufungwa rasmi mwezi Juni 2012, ziliendeshwa na inyangamugayo, watu waliochaguliwa na majirani zao kwa uadilifu wao, bila mshahara, wakahukumu mashauri ya mauaji ya kimbari yanayokaribia milioni 2. Waliketi nyasini mara moja kwa wiki, katika kilima kilekile ambako mauaji yalitendeka, wakiwasikiliza watu waliosoma nao. Baadhi yao walikuwa wajane wa mauaji hayo ya mwaka 1994, na wengine ilibidi waondolewe baada ya wao wenyewe kutajwa kuwa walishiriki. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika, kwa sababu za kweli, juu ya rushwa, visasi na washtakiwa wasio na mawakili. Pamoja na hayo, gacaca ndiyo ushahidi mkubwa zaidi katika eneo hili kwamba raia wa kawaida wanaweza kuulizwa jambo zito kupita yote, wala wasikimbie.

Ushahidi huo unaihusu Nyakuron moja kwa moja. Tarehe 14 na 15 Desemba 2013 Baraza la Ukombozi la Taifa la chama tawala cha SPLM lilikutana katika Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, kikao kikavunjika kwa uhasama, na usiku wa tarehe 15 mapigano yakaanza miongoni mwa askari wa kikosi cha ulinzi wa rais, yakaenea mitaani na kuwa vita. Viongozi 11 walikamatwa. Wanne kati yao, Pagan Amum, Oyay Deng Ajak, Majak D'Agoot na Ezekiel Lol Gatkuoth, walishtakiwa kwa uhaini mbele ya jopo la majaji mwezi Machi 2014, na mwezi Aprili serikali ikaondoa mashtaka. Katika mlolongo huo wote, watu wa mtaa ambao ukumbi wake ulikuwa mwanzo wa maafa, watu ambao kila wiki huaminiwa kuamua nani anadanganya juu ya mbuzi wa posa, hawakuulizwa neno. Mkataba wa amani wa Agosti 2015, na ule uliofufuliwa Septemba 2018, iliahidi Mahakama Mseto, yaani mahakama ya majaji wa Sudan Kusini na wa nchi nyingine za Afrika, kwa ajili ya uhalifu wa vita hivyo, pamoja na Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji na chombo cha fidia. Sheria za tume na za chombo cha fidia zilipitishwa mwaka 2024. Mahakama Mseto imebaki ahadi. Katika makaratasi hayo yote raia anaonekana kama mwathirika au shahidi, na haonekani kama mwamuzi, upungufu ambao wanaozitayarisha kanuni za tume bado wana nafasi ya kuurekebisha kwa kuwaketisha wajumbe wa mabaraza katika vikao vya mitaani.

Haitoshi, hata hivyo, kulihamisha baraza lilivyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2012 kuhusu magereza ya Sudan Kusini iliwakuta wanaume na wanawake waliofungwa kwa ugoni kwa hukumu za mahakama za machifu, bila wakili na bila kuelewa vema njia ya rufaa, na wako wanawake waliokaa ndani wakisubiri jamaa zao warudishe mahari ili talaka ikamilike. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 inaruhusu ugoni kumalizwa kwa mila, na inawaruhusu ndugu wa aliyeuawa kuchagua dia badala ya muuaji kunyongwa, akifungwa kwa muda usiozidi miaka 10. Lakini sheria haisemi ni nani aketi barazani wakati mila hiyo inapotamkwa. Kwa muda mrefu jibu limekuwa wanaume wazee, ambao katika shauri la talaka wengi wao ni wapokeaji wa mahari za mabinti zao na wanajua vema ni gharama gani huifikia nyumba ambayo binti amerudi. Kumjua mtu, ambako ndiko nguvu ya baraza, hapo hugeuka kuwa kumjua baba yake na kaka zake tu.

Katika baadhi ya mahakama za mijini wanawake wameanza kuketi kama wajumbe, na athari yake huonekana kwanza katika maswali. Mbele ya baraza la wanaume mke anayeomba talaka huulizwa ng'ombe walikuwa wangapi na wamebaki wangapi. Mjumbe mwanamke humuuliza ni nani aliyelipa karo mwaka uliopita, chakula cha watoto kilitoka wapi mume alipokuwa hayupo, kovu la mkononi ni la lini na jirani gani alisikia kelele. Kisha humwita jirani huyo kwa jina, kwa sababu anamjua, na karani hulazimika kufungua ukurasa mpya wa daftari ili aandike jibu.